Vitambaa Visivyoanikwa

Kutoka mizani ya ghala la ngano hadi choo cha wafanyakazi zilikuwa hatua mia moja na arobaini. Nilizihesabu kwa miguu yangu mwenyewe, miaka yote niliyokuwa karani wa mizani kwenye shamba la serikali kule uwanda wa Hanang. Wenzangu walijua idadi ya hekta na lita za dizeli. Mimi nilijua hatua, na nilijua ni siku zipi ningefika na siku zipi nisingefika.

Nilikuwa na ugonjwa wa utumbo mpana. Nautaja hivyo waziwazi kwa sababu nilipokuwa kijana niliuficha, na kuuficha kukanifikisha pabaya. Ulinianza nikiwa msichana nyumbani Katesh, ambako baba yangu, Mrangi aliyekuja kufanya biashara akazeekea hapohapo, alikuwa na duka la vitenge na mafuta ya taa. Nilikuwa naharisha damu. Kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa huo. Mama alisema ni baridi, jirani alisema ni jicho la mtu, na zahanati ikasema ni amiba. Nikameza dawa ya amiba mpaka mdomo wangu ukawa hauonji kitu isipokuwa uchungu. Miaka minne ilipita hivyo, ndipo nikapelekwa hospitali ya misheni, mbali huko upande wa Mbulu, na daktari mmoja akanichunguza kwa bomba lenye taa. Aliniambia ukuta wa utumbo wangu una vidonda, kwamba si amiba wala si jicho la mtu, na kwamba ugonjwa huo huamka na kulala, huamka na kulala. Nilimuuliza nitapona lini. Akavua miwani akaifuta. Akanipa vidonge vya salfa, vikubwa vya rangi ya chungwa, akasema nivitumie maisha yangu yote, kana kwamba nchi hii imewahi kuwa na dawa yoyote maisha yote.

Jambo ambalo hakuniambia, maana hata mimi nilikuwa sijaliona, ni kwamba ugonjwa wangu ulifuata mwezi. Siku mbili kabla ya hedhi tumbo lilianza kunguruma na kusokota, na hedhi ikianza, kuharisha nako kunaanza, mara nane, mara kumi kwa siku. Nilivuja pande mbili. Niliambiwa wanawake wote huumwa tumbo siku hizo, na ni kweli huumwa, ila mimi niliumwa matumbo mawili kwa zamu moja. Siku hizo zikiangukia wakati wa mavuno, malori yamepanga foleni mpaka barabarani na kila dereva anapiga honi apimiwe yeye kwanza, nilifunga kitenge juu ya kitenge na kuomba Mungu nisiaibike. Sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi miaka ile. Nilichoka kabla sijafikisha miaka thelathini, na haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umeisha.

Mume wangu alikuwa dereva wa kombaini ya kuvuna ngano, Mwiraqw wa Masieda, au Mmbulu kama tulivyozoea kuwaita, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno. Tulifunga ndoa bomani, kwa sababu baba yangu hakutaka kusikia habari za kanisa na wazee wa mume wangu hawakutaka kusikia habari za msikiti. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili kwenye kambi ya wafanyakazi, na mwaka wa pili tukapata mtoto wa kike. Mimba niliibeba vizuri. Ni baada ya kujifungua ndipo utumbo uliponirukia kwa hasira iliyokuwa imewekwa miezi tisa. Nilipelekwa hospitali kwa pikapu ya shamba, nimelazwa juu ya magunia matupu, na daktari yuleyule akaniambia nisithubutu kubeba mimba nyingine mpaka ugonjwa ulale kwa muda mrefu, usingizi wa kweli. Hakusema muda gani.

Muuguzi wa zahanati ya shamba, mama mmoja mnene mwenye ulimi mkali, akanianzishia vidonge vya majira, vya kuzuia mimba. Siku zile walitaka mume naye akubali, na mume wangu alikubali kwa kuinua vidole viwili mbele ya muuguzi. Miaka miwili. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya tisa, na alisema nyumba yenye mtoto mmoja haina kelele za kutosha. Hakuwa na tamaa nyingine maishani. Wenzake walitaka redio, walitaka baiskeli, walitaka uhamisho. Yeye alitaka mtoto wa pili, na alikuwa tayari kumsubiri.

Pakiti ilikuwa na vidonge vyeupe vya majuma matatu na vya kahawia vya juma moja. Vya kahawia havizuii mimba. Ni madini ya chuma tu ya kuongeza damu, mwanamke anavimeza akiwa hedhini ili asipoteze mazoea ya kumeza kila siku. Lakini chuma kile kilinichafua tumbo vibaya. Mwezi wa tatu nikavitupa chooni, na kwa kuwa niliogopa kukaa bila kidonge, nikaanza vyeupe vya pakiti nyingine siku ileile. Hedhi haikuja. Na zile siku za balaa nazo hazikuja. Nilizingoja kama mtu anavyomngoja mgeni asiyemtaka, mlango umefungwa na masikio yako nje. Juma likapita, la pili likapita, nikawa naenda chooni mara mbili kwa siku kama raia yeyote. Nililia kwa furaha nyuma ya ghala, peke yangu, nikijipangusa kwa kona ya kanga.

Nilipomweleza muuguzi alinigombeza kwanza, kwa sababu nilikuwa nammalizia pakiti za watu. Kisha akaketi, akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: damu inakuja siku gani, maumivu yanaanzia wapi, choo kinakuwaje hedhi ikikata. Akasema amewahi kuona wanawake wawili watatu wa namna yangu.

"Utumbo na kizazi ni majirani wa ukuta mmoja," aliniambia. "Huyu akipiga ngoma, yule halali."

Alinionya kwamba vidonge vile si dawa ya vidonda vyangu, kwamba wapo ambao vinawafaa na wapo ambao havibadilishi kitu, na kwamba salfa nisiiache hata siku moja. Akanipa pakiti za ziada. Akaniuliza kama mume anajua ninavyovimeza mfululizo, nikamwambia anajua.

Hakujua. Miaka miwili ilipotimia aliniuliza, nikamjibu kwamba nimeacha. Sijivunii jibu hilo. Nilikuwa nimepata mwili unaoweza kusimama kwenye mizani kutwa nzima, na niliogopa kuurudisha nilikoutoa. Kama ningemweleza ugonjwa wenyewe kwa kirefu pengine angenielewa, lakini mambo ya choo na damu hayakuwa mazungumzo ya mume na mke, angalau si nyumbani kwetu. Alijua nina tumbo bovu, basi. Mwezi ukipita bila mimba alisema tu kwamba Mungu hana haraka.

Mwaka uliofuata ngano ilikubali kuliko miaka yote, na mama mkwe akaja kutoka Masieda kunishikia mtoto wakati wa mavuno. Alikuwa mwanamke mkavu, macho makali, Kiswahili chake kidogo lakini kila neno linatua panapotakiwa. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba mikono ikiwa tayari kazini. Ufuaji wote aliuchukua yeye. Nilimzuia nikashindwa. Na kambini, kamba ya nguo ilikuwa gazeti. Vitambaa vya hedhi tulivianika vimefichwa chini ya kanga, lakini mwanamke mzima hahitaji kufunua ili aone. Mama mkwe alifua mwezi wa kwanza, akafua wa pili, akafua wa tatu. Vitambaa vyangu havikuwepo. Hakuniuliza, kwa sababu kwao mimba changa haitajwi mdomoni. Alihesabu kimya kimya, akafurahi, akamnong'oneza mwanawe.

Mimi nilikuwa wa mwisho kujua kwamba nina mimba. Niliona maziwa yameongezeka kwenye kikombe changu. Niliona mume wangu anashuka kwenye kombaini, vumbi mpaka kwenye kope, ananipokea ndoo na kwenda bombani mwenyewe huku wanaume wenzake wakimcheka. Alianza kupiga mluzi. Nikadhani ni furaha ya mavuno. Siku moja akaja na mbao kutoka karakana, mabaki ya kreti la vipuri, akaziegemeza ukutani, akasema binti yetu sasa atahitaji kitanda chake mwenyewe, maana cha kwetu hakitatutosha wote. Alisema hivyo akitazama mbao, hakunitazama mimi. Hapo nikaelewa.

Ningemwambia saa ileile. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini kumwambia hakuna mimba kulikuwa kumwambia habari za vidonge, na kumwambia habari za vidonge kulikuwa kumwambia uongo wa mwaka mzima, tena mama yake akiwa mlangoni anapepeta maharage. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho hiyo niliisema kwa majuma matatu, na kila siku alikuwa anarudi na furaha kubwa kuliko ya jana.

Ndipo vidonge vikaniishia. Muuguzi alikuwa ameitwa kwenye semina Arusha, kabati limefungwa na ufunguo ameondoka nao. Nilikwenda Katesh kwa lori la ngano, nako nikaambiwa nirudi juma lijalo. Salfa ilikuwa imebaki ya siku chache, nikawa nameza nusu nusu ili nisogeze siku. Nilijua kinachokuja. Siku ya nne alfajiri, nikiwa najiandaa kwenda kazini, vyote viwili vilifunguka kwa pamoja, hedhi iliyokuwa imezuiwa na utumbo uliokuwa umenyamazishwa. Niliingia chooni nikashindwa kutoka. Maumivu yalikuwa yakiachia kidogo nivute pumzi, kisha yanakaza tena. Damu ilikuwa miguuni, kwenye kandambili, mpaka kwenye kizingiti.

Mama mkwe alikuja na maji ya moto. Alisimama mlangoni pa choo, akatazama chini, akanitazama usoni, na sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka haraka namna ile.

"Mtoto ametoka?" aliniuliza.

Wale wachache niliowasimulia mambo haya wananiuliza kwa nini sikusema hapana. Wananiuliza wakiwa wamekaa vizuri kwenye viti. Mimi nilikuwa nimechuchumaa tangu alfajiri, magoti yanatetemeka, malori yananingoja, na mbele yangu kulikuwa na majibu mawili. La kweli lilikuwa refu. Lilikuwa na utumbo ndani yake, na vidonda, na vidonge vyeupe na vya kahawia, na daktari, na uongo, na lingesemwa kwa mtu ambaye Kiswahili chake kilitosha kuombea chumvi tu. La uongo lilikuwa neno moja. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kuchagua lile fupi.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Sikujua nimeingia wapi. Kwa Wairaqw wa zamani, damu ya mimba iliyoharibika si kitu cha kupangusa na kuendelea na shughuli. Mwanamke hujitenga, na kujitenga huko wanakuita metimani. Anakaa peke yake na chombo chake, hagusi watu, hakaribii ng'ombe, hachoti maji wanapochota wenzake, mpaka muda upite na asafishwe. Anayepoteza hana kosa. Anayeficha ndiye mwenye kosa, maana anaweza kupeleka kifo kwenye boma la mtu asiyehusika. Kanisa lilikuwa limeshakemea na vijana wa kambini walikuwa wanacheka mambo hayo, lakini mama mkwe hakucheka. Alisema siendi tena kwenye mizani, kwa kuwa ngano ile inaliwa na nchi nzima. Alisema tutakwenda naye Masieda. Hakusema kwa ukali. Alinitupia kanga mabegani kwa uangalifu, mkono wake usiguse ngozi yangu.

Mume wangu aliitwa kutoka shambani saa nne. Alisimama upande wa pili wa ua kama mama yake alivyomwagiza.

"Umemwona?" aliniuliza.

"Sikumwona."

Siku ile hilo lilikuwa neno langu moja la kweli. Alitikisa kichwa mara nyingi, akaingia ndani, akazitoa zile mbao, akazibeba begani kuzirudisha karakana. Hakuwahi kulia mbele yangu, hata baba yake alipofariki. Siku ile alitembea kambi nzima huku analia, na watu wakampisha njia.

Masieda nilikaa miezi miwili. Zamani ingekuwa mwaka, lakini mama mkwe alinipunguzia kwa sababu nilikuwa mgeni wa mila hizo na pia kwa sababu ya ajira yangu. Nilipewa kijumba cha udongo nyuma ya shamba la mahindi, sahani yangu, kikombe changu, ndoo yangu, na choo ambacho shemeji zangu walinichimbia karibu na mlango. Hakuna aliyepiga honi. Hakuna aliyesema nipimie mimi kwanza. Na hapa niseme jambo linaloniaibisha kuliko uongo wenyewe, kwamba nilipumzika. Nililala mchana kama mtoto. Nilikula uji, nikalala, nikaamka, nikaota jua. Tangu utumbo wangu uanze kunisumbua sikuwahi kupewa ruhusa ya kuwa mgonjwa, na ruhusa hiyo nikaipata kwa ugonjwa nisiokuwa nao.

Salfa ilikwisha, nikamwomba mume wangu anitafutie. Aliifuata hospitali mwenyewe, akishuka lori hili akipanda lile, akaja kuiweka juu ya jiwe tulilolifanya meza, akarudi nyuma hatua kadhaa ndipo anisalimie. Alikuja kila Jumapili. Binti yetu alilala nyumba kubwa na bibi yake, na asubuhi alikuja kwenye ua wa minyaa kunipungia mkono na kunieleza habari za ndama. Aliambiwa mama anaumwa, na kwa mara hiyo moja watu walikuwa wanamwambia ukweli bila kujua.

Jioni jua likiwa bado lipo, mama mkwe aliweka chakula juu ya jiwe, akakaa mbali kidogo tuzungumze. Ni huko nilikomfahamu. Aliniambia amepoteza wawili, wa kwanza akiwa bado msichana mdogo kwenye nyumba ya mumewe, na kwamba alitengwa mwaka mzima bila mtu kusimama uani kumjulia hali.

"Wako anakuja kila wiki," aliniambia. "Mimi mvua ilianza, ikakoma, mume hakuja."

Alisema hajawahi kumwambia mtu jambo hilo, hata binti zake. Alikuwa ananipa siri yake kwa kuwa alidhani ameiona yangu, na yangu ilikuwa bandia. Nilitamani ardhi ipasuke. Mara tatu nilijiandaa kumwambia, na mara tatu nilitazama bakuli la maziwa aliloniwekea juu ya jiwe nikakosa uso. Funika kombe mwanaharamu apite, nilijisemea. Kumbe mwanaharamu mwingine hapiti, anaingia ndani na kukaa.

Siku ya kutoka nilinyolewa nywele, kondoo akachinjwa, nikaogeshwa. Mama mkwe akanishika mikono yote miwili. Alinigeuza huku na huku, akasema nimenenepa, macho yangu yamekuwa meupe, kwamba nione jinsi mila inavyoponya. Sikubisha. Kulala na salfa vilikuwa vimefanya kazi yao, na yeye ndiye aliyenipa mahali pa kulala.

Niliporudi kambini, muuguzi naye alikuwa amerudi. Yeye nilimweleza yote, ndiye mtu wa kwanza. Alinisikiliza mikono kiunoni.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Wewe umeumbuliwa na mimba ambayo haikuwepo."

Alinisihi nimwambie mume wangu, alijitolea hata kukaa nasi siku hiyo. Nikamwambia nitamwambia. Akanipa pakiti tatu na kunitazama nikiondoka, na nadhani alijua sitasema.

Mume wangu hakuniuliza tena habari za mtoto wa pili. Alidhani kizazi changu kiliumia siku ile, na kwa upole wake akaamua kutonigusa kidonda. Ndugu zake walimshauri aoe mwanamke mwingine, akawajibu kwamba mke anaye. Hakuniambia yeye. Niliambiwa na wifi yangu, miaka baadaye, kwa kunilaumu. Kila nilivyouona wema wake ndivyo ulimi wangu ulivyozidi kuwa mzito. Ugonjwa uliendelea na tabia zake. Kulikuwa na miaka ulilala, na kulikuwa na miezi ambayo hata vidonge vyeupe havikusaidia kitu na salfa haipatikani popote, nikarudi kuhesabu hatua. Ule usingizi mrefu aliousema daktari pengine nilishaupata mara moja nikaogopa kuuamini. Umri ukaenda.

Shamba nalo lilichoka. Kombaini zikaanza kusimama moja moja kwa kukosa vipuri, nyasi zikaota kati ya magurudumu. Mume wangu akawa dereva wa mashine isiyotembea, anakwenda kila asubuhi kuipangusa na kurudi. Wazazi wenzake wakamchagua kwenye kamati ya shule ya msingi, kwa kuwa alikuwa na nafasi na hakuwa mgomvi.

Januari ile walikuwa wanaandikisha darasa la kwanza. Wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, hivyo mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili anaandikwa, asipogusa anarudi mwakani. Mume wangu alikuwa anasimamia mstari. Nilipita hapo nikitoka ghalani, ambako hakukuwa na cha kupima, nikamkuta amebaki peke yake kwenye benchi, watoto wameshaondoka na wazazi wao. Tukaanza kurudi nyumbani pamoja. Hewa ilikuwa nzito, mlima umefunikwa na mawingu, na nusu ya mashamba hayakuwa yamelimwa.

"Wetu angeshika sikio mwaka huu," alisema.

Kwanza nilifikiri anachanganya mambo, maana binti yetu alikuwa anaingia darasa la tano. Kisha nikaelewa. Naye, mtu asiyependa maneno, akaendelea kusema huku anatazama mbele. Alisema kila mwaka alikuwa anajua mtoto huyo ana umri gani. Alijua mwaka wa kusimama dede, alijua mwaka wa kung'oka meno. Alisema kwenye kombaini mtu unakuwa peke yako kutwa nzima, mstari mmoja mrefu kwenda na mwingine kurudi, na huko ndiko alikokuwa anamlea. Alikuwa amemfundisha gia. Hakuwahi kuamua kama ni wa kiume au wa kike, alisema, kwa sababu mimi sikumwona.

Sikuweza tena. Nilimwambia palepale barabarani, kuanzia bomba lenye taa mpaka damu ya utumbo, vidonge vyeupe, vidonge vya kahawia, kamba ya nguo ya mama yake, neno moja nililolisema chooni kwa sababu nilichoka. Ilichukua muda mrefu na hakunikatisha. Nilimwambia hakukuwa na mtoto. Nilirudia, ili asikie vizuri, kwamba hakuna aliyekufa, kwamba hakuwahi kuwepo hata siku moja. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba hilo litamtua mzigo.

Hakunikaripia. Habari za vidonge hakuziuliza kabisa, wala za ule uongo wa miaka. Alitazama shamba lisilolimwa.

"Huyo mtoto ungeniachia," alisema.

Akatangulia kwenda nyumbani.